Mikoba Miwili Niliyoiandika Imepotea

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wale wapwa zangu wasiojua kukaa chini. Goti la mama linaendeleaje? Mwambie nimeuliza, na asiseme limepona ili apate kujibebea ndoo. Mimi kwa mwili sijambo.

Najua umenikasirikia kwa sababu nikikupigia simu nasema nzuri, nzuri, halafu nakata. Jambo lenyewe linanishinda kulitamka. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Isome peke yako kwanza.

Nilikwisha kukueleza habari za kichochoro kilicho nyuma ya zahanati. Ni chembamba kiasi kwamba watu wawili wanene hawapishani humo bila kuombana radhi. Kwa miezi minane wanawake walikuwa wakiporwa mikoba pale, mchana kweupe. Nasi kazi yetu ilikuwa ile ile: filimbi, mbio, kukamata yeyote aliyevaa raba, kumweka mahabusu, kumwachia. Wiki ijayo tunaanza upya. Sajini wetu alikuwa akisema sisi si askari, ni timu ya riadha isiyo na kombe.

Kisha akaja mkuu mpya wa kituo, mama mwenye sauti ya chini lakini hakuna anayethubutu kumchezea. Alituambia tumekimbia vya kutosha, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini ni pale na kwa nini ni saa zile. Akanikabidhi mimi kitabu cha matukio, akaniagiza nikitoka niache pingu, nichukue kalamu.

Nilisoma kurasa mpaka macho yakaniwasha. Matukio yalikuwa thelathini na moja, na ishirini na sita kati ya hayo yalitokea Jumanne au Alhamisi, baina ya saa nane na saa kumi. Sababu yake, dada, sikuigundua mimi. Aliniambia fundi cherehani anayeshonea kibarazani mwishoni mwa kichochoro, mama wa makamo asiyetoa pini mdomoni hata akiongea. Alisema siku hizo ni za kliniki ya wajawazito, na ikifika saa nane mlinzi hufunga geti la mbele akaenda kula. Wagonjwa hutolewa kwa mlango wa nyuma, mmoja mmoja, moja kwa moja kichochoroni. Nikamuuliza mbona hakuja kutuambia. Akanijibu kwamba alikuja mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa asubiri kwenye benchi.

Nilikwenda kuzungumza na mganga mfawidhi, tukakubaliana geti la mbele libaki wazi hadi jioni. Basi. Hakuna aliyekimbizwa, hakuna aliyepigwa kofi. Mwezi wa kwanza hakuporwa mtu, na wa pili vivyo hivyo. Sijawahi kuipenda kazi yangu kama siku zile. Niliitwa mbele ya gwaride nikapewa cheti, nikakutumia picha yake, nawe ukamsomea mama hadi akatokwa na machozi.

Sasa nikwambie lile linalonikosesha raha.

Mwezi wa tatu tuliambiwa wakubwa wanakuja kujifunza kwetu. Jumanne moja kabla ya ziara hiyo, mwanamke mjamzito alikuja kaunta, viatu vimejaa vumbi, mkononi ameshika kamba ya mkoba, mkoba wenyewe haupo. Akasema ameporwa kichochoroni. Nilikuwa peke yangu. Nikamuuliza kwa upole, na upole ule ndio unaonichoma hadi leo:

“Una hakika umeporwa, dada? Haukukudondoka?”

Akaniinulia kamba niione. Nikamwambia kamba zikichakaa hukatika. Akaishusha kamba.

“Haya, andika unavyotaka.”

Nikaandika: mkoba umepotea. Alhamisi akaja mwingine, na wake pia nikaupoteza kwa kalamu.

Hesabu yetu ikabaki sifuri. Na kwa kuwa ilikuwa sifuri, hakuna aliyekwenda kulitazama geti. Kumbe mlinzi alikuwa likizo, na aliyeshika nafasi yake hakuambiwa kitu, akawa analifunga saa nane kama zamani. Alhamisi iliyofuata fundi cherehani alisikia mtu akipiga ukunga, akaacha shati la mteja kwenye mashine, akakimbilia kichochoroni kumzuia mwizi. Alisukumwa ukutani. Mkono wake wa kulia umevunjika mahali pawili.

Nilimfuata wodini nikamweleza yote, bila kujitetea. Hakunifokea. Aliniuliza tu yule wa kwanza alikuja lini. Nikamtajia. Akahesabu kwa vidole vya mkono ulio mzima.

“Siku tisa,” akasema. “Kufungua geti kunachukua siku ngapi?”



Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu nikamwonyesha mistari ile miwili. Aliisoma, akavua miwani, akasema heri ningemletea matukio kumi ya kweli kuliko sifuri ya uongo. Nimesimamishwa kazi, na shauri langu litasikilizwa mwezi ujao. Cheti nimekirudisha. Wale dada wawili niliwatafuta, maelezo yao yakasahihishwa mbele yao. Mmoja aliitikia salamu yangu. Mwingine hakuitikia, na ana haki. Geti liko wazi sasa. Daktari anasema mfupa utaunga, ila vidole viwili vya fundi huenda visikunjike tena. Cherehani yake imefunikwa kitambaa.

Mama usimwambie. Nitakuja mwenyewe kumwambia, na nikifika usinisaidie maneno. Msalimie shemeji, na watoto waambie mjomba anawakumbuka. Nakuomba usinijibu kwamba kila binadamu hukosea. Niandikie tu kwamba umeisoma hadi mwisho.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba