Nywele za Neema Zinanikatikia Mikononi

Dada Tuma,

Nimekukasirikia, na kwa kuwa huwezi kunikatiza, leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Tangu tukuzike kule Mahongole, saluni yetu ya hapa mtaa wa Ramadhani, Njombe, bado naifungua saa mbili asubuhi. Wateja wanakuja, wanasifia usafi, halafu hawarudi. Hao nimewazoea. Kinachoniumiza ni Neema, mwanao. Ulipokuwa umelazwa ulinishika mkono ukasema, "Nywele za mwanangu nakuachia wewe," nami nikaitikia harakaharaka, kana kwamba umenituma dukani.

Kila Jumamosi mama yako anamleta kutoka Makambako. Namkalisha katikati ya magoti yangu, napitisha chanuo, nywele zinabaki kwenye chanuo. Mafuta nimepaka, Dada! Ya nazi, ya mgando, hata parachichi nimeponda mpaka saluni ikanuka kachumbari. Zinang'aa juu, ndani kukavu vilevile. Wiki iliyopita mtoto alilia: "Mama alikuwa haniumizi." Mama yako akasema basi, Jumamosi ijayo anamnyoa, yaishe.

Leo amekuja na wembe kwenye mkoba. Nikamsogeza Neema karibu na jiko la mkaa, apate joto, nikachukua mafuta. Neema akauliza chupa ya chai iko wapi. Nikamwambia chai bado. Akanicheka: "Siyo ya kunywa, mama mdogo. Ya kichwani."

Dada Tuma! Miaka miwili ulinituma nichemshe maji kabla hata sijafagia, nikadhani ni ubosi tu. Nilikuona ukiyatoa kwenye chupa ya chai, ukilowesha nywele fungu kwa fungu, ndipo unapaka mafuta. Nikafikiri unawapasha wateja joto kwa baridi yetu hii. Nilipobaki peke yangu nikaacha. Nani anataka kuloweshwa kichwa Njombe asubuhi? Kumbe nilikuwa napaka mafuta juu ya ukavu, kisha nawaweka watu karibu na jiko wazidi kukauka. Ungepungukiwa nini kuniambia kwamba mafuta hayaleti maji, yanayafungia ndani tu? Sentensi moja! Wewe uliyekuwa na maneno kuliko redio.

Nimechemsha. Nimelowesha kwa maji ya uvuguvugu, nikapaka mafuta kidogo, nikachana taratibu kuanzia kwenye ncha. Zimekatika chache bado, sikudanganyi. Lakini Neema alisinzia kwenye goti langu, na mama yako hakuutoa wembe. Nikaenda nyuma ya saluni nikalia. Nilikuwa na hasira, na nimekukumbuka mno.

Pumzika, dada yangu. Kila Jumamosi maji yatakuwa tayari kabla Neema hajafika. Na msichana nitakayemfundisha kazi hii, nikimtuma achemshe maji, nitamwambia na sababu.

Ni mimi Anjela, uliyeniita mwoga wa baridi.