Kaka, Soma Habari ya Bangi Bila Kuruka

Mwanza, mwezi wa sita

Baba yangu, shikamoo. Mama, shikamoo. Na wewe Kaka Hamisi, unayemsomea Baba barua hii kwa kuwa macho yake hayaoni tena maandishi, shikamoo pia. Soma yote, kwa sauti. Usiruke mstari.

Mimi ni mzima, ila vumbi la chaki na madarasa yaliyofurika vinanichosha. Ufuta wa hapo Mandawa mmeshaukung'uta? Na kifua chako Baba, usiku unapata usingizi?

Kaka, barua yako niliipata. Unasema mnunuzi wa ufuta kakuonyesha karatasi ya kompyuta kwamba Ulaya wamethibitisha bangi inatibu moyo, ndiyo maana umemwachisha Baba vidonge vya hospitali, unampa msokoto asubuhi na jioni. Ukaniagiza nitafute utafiti wa kukuunga mkono, "ili Mama anyamaze." Loh! Mimi ndiye wa kumnyamazisha mama yangu?

Hata hivyo nimetafuta. Nilikwenda intaneti kafe mjini na hijabu yangu, nikaandika bangi na ugonjwa wa moyo. Kijana aliyekaa nyuma akachungulia, akacheka: "Madam, kumbe na wewe umo?" Kumbe niliwahi kumfundisha! Akaenda kuwasimulia walioko shuleni, sasa shule nzima naitwa Madam Bangi. Waite tu, sikuondoka pale.

Karatasi ya mnunuzi wako niliikuta. Inasifu bangi mwanzo mpaka mwisho, haina jina la daktari, haisemi wagonjwa walikuwa wangapi, na chini kabisa kuna bei ya chupa za mafuta ya bangi. Hilo ni tangazo la duka, Kaka. Hata mimi ningekuwa nauza ningeandika hivyo hivyo.

Nikaenda maktaba ya hospitali kubwa. Mlinzi akanizuia, eti si mwanafunzi wa udaktari. Nikaketi hapo hapo mlangoni mpaka daktari mmoja, mama wa makamo, akanihurumia akaniingiza. Tukasoma pamoja majarida ambayo madaktari huandika, na madaktari wenzao huyakagua kabla hayajatoka. Sitawadanganya: mengi yanasema bado hawajajua vya kutosha, waliopimwa ni wachache. Lakini hatukukuta hata mtafiti mmoja anayesema msokoto unaponya moyo. Wanachosema ni kwamba moshi ule unaupeleka moyo mbio, na kwa mwenye moyo mbovu hiyo ni hatari.

Sasa kumbuka ulichoandika mwenyewe. Baba alivuta, moyo ukamwenda mbio, akadondoka chini ya mikorosho, nawe ukasema "dawa inapambana na ugonjwa." Kaka! Ile haikuwa dawa. Baba alikuwa anataka kutufia na wewe unashangilia. Nilipokumbuka maneno hayo pale maktaba nililia mbele ya daktari, wala sikuona haya.

Najua utasema mwanamke hamfundishi kaka yake. Basi leo nakufundisha, na ukitaka kununa, nuna. Baba, ukali huu nimeurithi kwako. Daktari kasema urudi hospitali upesi, na vidonge vyako mkononi, wakupime na wakuambie namna ya kuendelea. Msokoto hata mmoja usiuguse tena.

Na Kaka, usije ukajidai hukuyaona haya. Nakala ya barua hii nimempelekea Shangazi Somoe kule Nachingwea. Ijumaa atakuja kumuuliza Baba kwa mdomo wake, amesomewa nini.

Sasa weka karatasi chini. Nenda kachukue vidonge huko ulikovificha, umpe Baba mkononi. Kesho mpande gari la kwanza kwenda hospitali ya wilaya. Nenda, tunakusubiri.

Umerudi? Haya. Nisalimie wifi yangu, mwambie kanga yake nimeshainunua. Shangazi akija mchinjieni jogoo, safari ile si ndogo kwa mtu mzima. Mama, usinyamaze. Na wewe Baba, likizo ya Desemba nakuja, nataka nikukute mzima kabisa, unanigombeza mbele ya watu kwa jinsi nilivyomsema kaka yangu.

Mwanao mbishi,
Zainabu