Miguu Yako Haina Ugonjwa

S.L.P. 417
9 Juni

Mpendwa mwanangu,

Hujambo? Mchumba wako naye hajambo? Sisi huku tu wazima, ila kaka yangu, baba yako, bado anabishana na redio. Mimi tangu jana najiona mwepesi kama mtu aliyetua ndoo, na sababu ni wewe.

Barua yako ya mwisho ilitaja tarehe ya harusi, kisha chini kabisa ukachomeka Kiingereza. Nilikitafuta neno kwa neno kwenye kamusi: "Nimepata miguu baridi." Unajua kisukari cha marehemu bibi yako kilianzia miguuni, kwa baridi hiyo hiyo, na unajua kilipoishia. Ndiyo maana ukaletewa jozi tatu za soksi za sufu na amri ya kupima sukari. Sikukwambia kwamba baba yako alikuwa hagusi chakula.

Jana kazini nilikuwa nabandika jalada la riwaya ya Kiingereza, maana wasomaji wa maktaba yetu hukunja vitabu kama mikeka. Nikingoja gundi ikauke, mimi husoma ukurasa wowote ulio wazi. Nikamkuta bibi harusi, jua la saa sita, jasho linamtiririka, eti miguu baridi! Mstari wa pili karuka dirisha la nyuma, mbio. Mgonjwa gani huyu?

Nikampelekea mkutubi. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Mama, hiyo miguu haina neno. Ni woga tu, umemwingia dakika za mwisho."

Mwanangu, nilikaa chini nikalia kwa furaha, gundi ikakaukia kwenye brashi. Baba yako nilipomweleza alikula sahani mbili.

Leo asubuhi nimeisoma barua yako upya. Kumbe ulikuwa unaniambia unaogopa, nami nikakutumia soksi! Nisamehe. Siku ya harusi yangu nilijifungia bafuni mpaka bibi yako akatishia kuvunja mlango. Nilitoka kwa sababu yule bwana nilimtaka. Wewe ukimtaka wako, toka. Usipomtaka, dirisha lipo, na kitanda chako hapa kimetandikwa.

Msalimie mchumba wako, ila haya usimsomee. Baba na mama yako wanakusalimu sana. Mungu akutangulie kila uingiapo na utokapo.

Soksi zivae tu. Lakini siku nyingine ukiogopa, mwanangu, niandikie kwa Kiswahili.

Ni mimi nikupendaye,
Shangazi yako