Kivuli cha Turubai

Mdogo wangu,

Sisi wazima, na cherehani bado inatulisha. Macho ya Baba ndiyo yamepofuka kabisa, lakini anakula vizuri na ubishi wake uko palepale.

Umeuliza habari za mkuyu ulioupanda. Ukame wote ule haukuutikisa. Mimi ndiye niliyeukatisha. Ndege waliokuja kula makuyu walichafua gauni la bibi harusi nililolitundika hapo, nikapandwa na hasira, nikamwita mtu wa msumeno, Baba akiwa kwa shangazi. Ulianguka na viota vyake.

Baba aliporudi nilikuwa nimefunga turubai palepale alipozoea kukaa, apate kivuli chake. Sikumwambia. Kila asubuhi anauliza, "Mbona ndege kimya?" Namjibu wamehama kwa sababu ya baridi.

Nimechomeka tawi la mkuyu ule uani, nalo limeshika na linachipua. Ila kivuli chake Baba hatakiwahi.

Jana aliniomba bakuli la maji. "Liweke chini ya mti," akasema. "Wakiyaona watarudi, maana kwao bado kupo."

Nikaliweka juu ya kisiki. Njoo unisaidie kumwambia.

Ni mimi dada yako.