Shimo la Kwenye Rweya

Ijumbi, Muleba
Jumatatu jioni

Tata mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta unaendelea vizuri, macho yanapona, na madaktari wa Mwanza hawajakuchosha kwa masharti yao. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama hajambo, anakusalimu sana. Kahawa ya upande wa juu imeanza kuwa nyekundu, na yule mbuzi wako mkorofi amezaa mapacha, wote majike, kwa hiyo ukorofi umeongezeka.

Najua hutaisoma mwenyewe kwa sababu ya bandeji. Atakusomea Buberwa, mwana wa baba mkubwa. Kaka, nakuomba usiruke mstari wala usilainishe neno, hata Tata akikupungia mkono unyamaze. Ningeweza kupiga simu, lakini Tata, sote tunakujua. Mazungumzo yakipata moto unasema mtandao ni mbaya, kisha simu unampa yeyote aliye karibu. Barua haiwezi kupokezwa namna hiyo. Nimemkabidhi Evodia, binti wa mchungaji, anayesafiri kwa meli, na nimemwambia aifikishe mkononi. Nataka ulisikie jambo hili kwangu kabla hujalisikia kwa watu wa Ijumbi, maana wewe mwenyewe unawajua kwa midomo.

Ni juu ya ile sehemu ya kumwagia majitaka ya wageni.

Unakumbuka ulivyonicheka uliponiomba niichore. Ulisema umemsomesha binti uhandisi wa maji ili aje achore choo cha Wazungu wanaotembea na nyumba zao kama konokono. Mimi nikacheka pia, lakini kazi niliipenda. Wageni wa yale magari ya kulala walikuwa wameshaanza kupiga kambi kwenye rweya yetu, uwanda mtupu wa nyasi nje ya migomba, kwa sababu kutoka Mutukula hadi Mwanza hawapati mahali pengine penye nyasi, upepo na ziwa la kutazama. Tatizo lilikuwa visanduku vyao vya choo. Mtu na heshima zake, mwenye mvi, anashuka na kisanduku kimejaa, anatuuliza akimwage wapi, nasi tunatazama chini kwa aibu. Mgeni hapokelewi hivyo, ulisema, na ulisema kweli.

Nikachora. Sakafu ya zege ambayo gari linapanda juu yake, imeinama kidogo kuelekea katikati. Tundu lenye mfuniko wa kumwagia kisanduku. Koki ya kusuuzia yenye bomba lake, mbali kabisa na koki ya maji ya kunywa, ili mtu asikosee. Chini yake karo la vyumba viwili la kutuliza uchafu, na kutoka pale bomba linaloteremka hadi shimo la kunyonya, ambamo maji yanazama ardhini. Shimo hilo ndilo moyo wa kazi yote. Nililipigia vigingi ndani ya kibanja, kwenye migomba yetu, kwenye ile kona ya chini inayopakana na barabara, kwa sababu ndiyo pekee iliyo mbali na makaburi, mbali na nyumba, na gari la kunyonya majitaka linaweza kuifikia. Tena nilipima. Nilichimba, nikamwaga maji, nikakaa nikiyatazama yakizama polepole jinsi inavyotakiwa. Udongo wa kibanja ni mweusi na una kina, umelishwa majani na samadi tangu kwa babu wa babu. Uchafu ukipita humo unasafishwa kabla haujafika popote. Kwenye rweya ukichimba kidogo tu unagonga mwamba wenye nyufa, na wewe ndiye uliyenifundisha nikiwa mdogo kwamba rweya inatupa nyasi tu, hakuna kingine inachoshika.

Kisha ofisi ikanituma Biharamulo, ujenzi ukafanyika nikiwa huko. Niliporudi nilikuta sakafu imekamilika, safi, na kwenye ile kona ya kibanja nyasi mbichi zimetandazwa vizuri. Ukaniambia kazi yangu imekamilika. Nikaamini shimo liko chini ya nyasi. Nikakupa mkono, nikarudi zangu Kibeta, Bukoba mjini, nikiwa nimevimba kichwa.

Wageni wakaja, wakamwaga, wakaondoka wakishukuru. Mvua za masika zikanyesha. Halafu Ma Kokwijuka, jirani yetu, akamwambia Mama kwamba maji ya chemchemi ya bondeni, chini ya rweya, yananuka kama sabuni ya hospitali. Mama akasema labda ni ndoo. Watoto wa bondeni wakaanza kuumwa matumbo, mmoja baada ya mwingine, hadi mjukuu wa Ma Kokwijuka akalazwa. Mama alinipigia akanieleza yote. Ile harufu naijua, Tata. Ni dawa ya buluu ambayo wageni wanatia kwenye visanduku vyao.

Nilikuja na unga wa rangi tunaotumia ofisini kufuatia maji, ule wa kijani usiomdhuru mtu. Asubuhi niliumwaga kwenye lile tundu, nikafungulia maji mengi, kisha nikashuka chemchemini kukaa. Niliwaomba kina mama wasichote. Hawakuondoka, walikaa na ndoo zao wakinitazama, na mimi nikitazama maji. Sijawahi kuomba hivyo hata kanisani. Niliomba yabaki meupe. Nilijiambia kwamba hata yakiwa na rangi, hayawezi kutoka leo wala kesho, kwa sababu udongo wa kibanja unayashika. Jua halijaanza kuteremka, yakatoka kijani. Si kidogo, Tata. Ma Kokwijuka aliweka ndoo yake chini taratibu, na afadhali angenitukana.

Nilipanda mlima nikilia kwa hasira, nikidhani nimekosea hesabu. Nikachukua jembe, nikaondoa nyasi pale konani ili nilione shimo langu na kasoro yake. Nilichimba, nikachimba tena, nikakuta udongo mtupu. Nikamwita Projestus, fundi aliyejenga. Akashangaa mimi kushangaa. Alinipeleka nje ya kibanja, kwenye rweya, akanionyesha shimo alilochimba pale alipokuta vigingi. Alisema mwamba ulimsumbua, akakuuliza, nawe ukamwambia binti amebadilisha mchoro.

Kwa hiyo nilijua ni wewe. Nilikukasirikia kwa namna ambayo sikujua naweza kumkasirikia mzazi. Uliniheshimu vipi hadi unipe kazi, kisha ukaipindua mgongoni kwangu na kunitandazia nyasi niamini? Nimeandika sentensi hiyo, nimeifuta, nimeiandika tena. Ibaki.

Nililifunga tundu kwa mnyororo. Mwenyekiti Mwijage akaitisha mkutano wa kijiji juzi Jumamosi, kwa haraka, kwa sababu msafara mkubwa wa magari ulikuwa umeshafika Bukoba mjini na ulitarajiwa hapa leo. Niliingia mkutanoni nikiwa nimeamua kukuficha. Nilisimama nikasema mchoro ni wangu na kosa ni langu. Watu waliguna, wengine walinionea huruma. Mzee Kashaija akasema hata mpishi hodari siku moja huunguza, na wakacheka kidogo. Nilidhani yamekwisha, nimeokoa jina lako, nami nitavumilia aibu yangu.

Lakini Mwijage akauliza dawa yake ni nini. Na kabla sijajibu, wakajibu wao. Kama kosa ni la mchoro, wakasema, basi mahali hapana tatizo. Shimo lipanuliwe palepale, fundi aanze kesho yake, na wageni wapokelewe kama walivyoahidiwa. Wote wakakubali. Hapo ndipo nilipoona uongo wangu unavyofanya kazi. Ukubwa wa shimo si kitu, ubaya ni mwamba. Wangepanua, na mwezi ujao tungelaza mtoto mwingine.

Tata, nilisimama mara ya pili. Nilisema mbele ya kijiji kizima kwamba nimewadanganya, kwamba mchoro haukuwa na kosa, kwamba shimo lilipaswa kuwa kibanjani, na aliyehamisha vigingi kwenda rweya ni baba yangu. Nilikutaja jina. Mzee Kashaija, ambaye punde alikuwa ananichekea, akaniuliza kama huo ndio usomi, kumvua nguo mzazi aliyelala hospitali na macho yamefungwa, asiyeweza kujitetea. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo Mama akasimama. Unamjua Mama, miaka yote hajawahi kusema neno kwenye mkutano wa kijiji. Alifunga kanga yake vizuri, akasema kwamba kama kuna wa kulaumiwa wawe wawili, kwa sababu siku ile vigingi vinahamishwa, kamba ya kupimia ilikuwa na ncha mbili, na ncha moja aliishika yeye. Kisha akaeleza sababu. Alisema kwamba kabla yangu mlizaa watoto wawili, na wote wawili hawakufika kutambaa. Nilipozaliwa mimi, wewe mwenyewe ulikizika kitovu changu kwenye shina la mgomba kwenye kona ya chini, na tangu siku hiyo hujaruhusu mtu aguse shina lile. Unakata mikungu, unaacha machipukizi. Ulipoona nimepigilia vigingi palepale, ulikaa siku nzima bila kula. Ukamwambia Mama huwezi kuruhusu kinyesi cha watu msiowajua kimwagwe juu ya kitovu cha mtoto aliyewabakia. Mama alipokushauri uniambie, ulisema nitakucheka, maana msomi haamini mambo hayo.

Sikucheka, Tata. Nilikaa chini palepale nikalia mbele za watu, mtu mzima mwenye kitambulisho cha ofisi shingoni. Nililia kwa sababu ulinipenda kiasi hicho na hukuniambia, na kwa sababu upendo huohuo umemlaza mjukuu wa Ma Kokwijuka. Yote mawili ni kweli, na bado sijui niyaweke wapi moyoni.

Mkutano ulikwisha hapo. Mwijage alisema shimo la rweya lifungwe, na kuhusu kibanja hakuna wa kuamua ila mwenye kibanja. Watu wanasubiri urudi. Nimepiga simu Bukoba, msafara umekubali kubaki huko. Chemchemi tumeizungushia miba, na sampuli ya maji nimeipeleka mwenyewe maabara; yatachukua muda kuwa safi na siwezi kudanganya kwamba najua muda gani. Kina mama wanateka ng'ambo ya pili ya bonde, na Ma Kokwijuka na goti lake bovu anateka hukohuko. Mtoto ameanza kunywa uji, Mungu asifiwe. Jana baada ya ibada nilikwenda kumpigia magoti bibi yake. Aliniinua, lakini hakunikaribisha kiti.

Sasa nifike kwenye lile ambalo ndilo hasa nimeliandikia barua. Wanakusubiri wewe useme, na mimi sikukusubiri. Karo limejaa, na kila mvua inayonyesha inasukuma kilichomo kwenda bondeni. Kibanja ni chako, hilo silibishi. Lakini kitovu ni changu, na mwenye kitovu ameruhusu. Leo asubuhi nilikwenda konani na Projestus, aanze kuchimba shimo pale nilipolichora. Nilimwomba asimame kando. Nilishika panga nikate lile shina mwenyewe, ili uwe na mtu mmoja tu wa kumkasirikia. Nilisimama pale na panga limeinuliwa, Tata, na mkono ukakataa kabisa kushuka. Msomi wako asiyeamini mambo hayo alishindwa kukata mgomba mmoja.

Mama alikuwa amekuja nyuma yangu bila mimi kusikia. Alilichukua panga mkononi mwangu, akaniambia kwa Kihaya nigeuke nitazame ziwa. Nikageuka. Nikausikia mgomba unaanguka, kisha wa pili, kisha wa tatu. Nilipogeuka tena Mama alikuwa amekaa juu ya majani, panga magotini, akilia bila sauti. Aliniambia nikuandikie kwamba mtoto wa kitovu kile aliishi, na sasa inatosha.

Mjukuu wa Ma Kokwijuka anakusalimu, amefundishwa kusema Shikamoo. Mchungaji anakuombea, na kwaya nzima pia, hata wale wa sauti ya nne unaowasema. Buberwa na wifi nawasalimu, na watoto wote. Tafadhali meza dawa zako, usimdanganye muuguzi. Ukirudi, hasira yako uilete kwangu, usimpelekee Mama. Nitakuja kukupokea bandarini, na kama hutataka nikushike mkono nitatembea nyuma yako hadi nyumbani.

Binti yako akupendaye,
Kemilembe