Chungu cha Mchezo wa Baba

Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na udongo siku hizi mnachimba wapi, maana nasikia ziwa limepanda? Mimi mwili ni mzima, ila sina uso wa kukutazama.

Kaka amenipigia simu. Anasema ile filamu niliyoiandika inaonyeshwa ukumbini Kyela Jumamosi, na wewe umeshashonesha gauni. Kabla hujapanda mtumbwi, soma hii.

Watu wa filamu huku wanapenda kuchomeka vipande vya michezo ya jukwaani ya zamani. Mtazamaji akikitambua kipande, anajiona mjuzi. Mwongozaji akaniuliza kama nina chochote. Nikampa cha mchezo alioutunga marehemu Baba akiwa mwalimu, ule mliouigiza pale shuleni Ikombe kila Pasaka: mtoto anarudi tajiri, anawaambia wageni kwamba mama yake ni mfanyakazi wa ndani, na mama anavunja chungu. Wewe ndiye uliyekuwa yule mama, na kila mwaka ulifinyanga chungu kipya ili ukivunje kwelikweli.

Mwongozaji akapiga makofi. "Umekitoa wapi hiki?"

Mama, nilisema nimekitunga mwenyewe.

Siku ya uzinduzi, mwigizaji alipoinua chungu, kabla hajafungua kinywa, mzee mmoja nyuma akayawahi maneno yake kwa sauti: "Aliyemsahau mfinyanzi, asile chunguni mwake!" Ukumbi mzima uligeuka. Kumbe ni mtu wa kwetu, wa Ngana, aliuona mchezo akiwa kijana. Tulipotoka akanishika mikono yote miwili.

"Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Umemkumbuka Mwalimu."

Nikaitikia, "Ndiyo, mzee." Nilitamani ardhi inimeze. Majina yalikuwa yameshapita yote kwenye skrini, hata la mpika chai, na la Baba halikuwemo.

Kesho yake nilimweleza mwongozaji ukweli. Alifoka sana, ila amekubali kuliingiza jina la Baba. Lakini nakala ya Kyela ilikuwa imeshasafirishwa, kwa hiyo mwishoni usikae kulitafuta.

Nisalimie kaka, na mama mdogo anayekusaidia kuchoma vyungu. Mwambie na yeye, asisikie kwa watu.

Sistahili kukuomba kitu, lakini naomba. Mwigizaji akiinua chungu, usinyamaze ili kunisitiri. Sema wewe kwanza, Mama, kwa sauti yako ile ya Pasaka, halafu waambie maneno ni ya nani.

Mwanao niliyekukosea,
Lugano