Msamaha wa Evelio

Chayo, acha unachofanya usome hii.

Evelio ametoka hapa kwangu sasa hivi. Ndiyo, yule mchumba wangu, eti staa wa tamthilia. Amekuja na tamale za mahindi, za moto, kuniomba msamaha kwa kulala na Yadira, yule msusi wa studio. Jitu zima limepiga magoti kwenye zulia langu.

Akaanza: "Mpenzi, bila wewe mimi ni nyumba isiyo na taa."

Nyumba isiyo na taa, Chayo! Hayo maneno ya tamthilia nilimsomea mimi mwenyewe Jumanne studio, kupitia kile kidude chake cha sikioni, maana ndiyo kazi yangu; miaka minne hajawahi kukariri hata ukurasa mmoja. Mimi namnong'oneza, yeye analia, na Mexico nzima inalia naye.

Sasa ananiletea mimi machozi ya Jumanne.

Nikamwacha aendelee. Katikati akakwama. Akanikodolea macho, kidole sikioni. Anangoja, shosti. Anangoja nimsomee.

Nikamwambia taratibu, "Sistahili msamaha wako."

Akarudia palepale, kwa huzuni kabisa, "Sistahili msamaha wako."

"Leo umesema kweli," nikamwambia, nikamfungulia mlango atoke.